Nyumba Yenye Mahindi

Agosti iliyopita nilimsindikiza dada yangu kliniki. Anaishi Mufindi, mkoani Iringa, katika kijiji ambacho msimu huo ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Mwanawe, mpwa wangu, alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Alining'inizwa kwenye mizani, akalia. Akasimamishwa kwenye ubao wa kupimia urefu, akalia zaidi. Nesi aliandika kwenye kadi, akaitazama tena, kisha akasema kwa upole: "Mama, uzito si mbaya. Ila urefu haujafikia umri wake. Mtoto ana udumavu."

Akaendelea na maneno ambayo bila shaka alishayasema mara nyingi asubuhi hiyo. Mpe mlo kamili. Yai, maziwa, maharage, dagaa, matunda, mboga za majani. Usimpe ugali mtupu. Dada aliitikia "sawa" kila baada ya sentensi, kama mwanafunzi anayesubiri kengele ya kutoka.

Njiani hatukuzungumza. Tulipofika nyumbani alifungua mlango wa chumba cha nyuma. Kulikuwa na magunia kumi na moja ya mahindi, yamepangwa mpaka karibu na paa.

"Wewe ndiye msomi," akaniambia. "Nieleze. Nyumba yenye mahindi yote haya, mtoto anadumaaje?"

Sikuwa na jibu. Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, si ya lishe, na wakati huo nilikuwa nimekwama kwenye tasnifu kuhusu bei za vyakula baada ya Uhuru. Usiku ule nilielewa kwamba swali la dada na tasnifu yangu ni kitu kimoja.

*

Tuanze na neno posho. Leo ukilisikia unawaza semina, bahasha na wabunge. Lakini kwa babu zetu waliokwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro wakati wa ukoloni, posho ilikuwa mgao wa chakula wa mfanyakazi, na sehemu kubwa ya mgao huo ilikuwa unga wa mahindi. Mwenye shamba alitaka chakula cha bei ndogo, kinachobebeka, kinachokaa bila kuoza, na kinachompa mtu nguvu ya kurudi shambani kesho yake. Mahindi yalitimiza masharti yote hayo. Hakuna aliyeuliza kama yanatosha kujenga mifupa ya mtoto, kwa sababu mtoto hakuwa kwenye daftari la mishahara.

Nchi hii haikuwa ya mahindi peke yake. Kulikuwa na watu wa mtama, wa ulezi, wa ndizi, wa mihogo, wa mpunga. Lakini mji ulipokua, chakula cha posho kikawa chakula cha mjini, na Serikali huru ilipoanza kufikiria namna ya kulisha miji yake ilikuta ugali mweupe umeshaketi mezani.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, viwanda vikubwa vya kusaga nafaka vilitaifishwa na kuwekwa chini ya Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wazee wote wanaliita NMC. Kazi yake iliongezeka mwaka hadi mwaka: kununua nafaka, kuhifadhi, kusaga, kusambaza, na kuagiza nje pale mavuno yanapopungua. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mkulima alilipwa bei moja nchi nzima, awe jirani na reli au kwenye milima ya kusini. Mlaji naye alipangiwa bei ya unga. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, Shirika likawa linanunua moja kwa moja vijijini.

Unga uliopangiwa bei na kuwekewa ruzuku ulikuwa sembe.

Hapa nilisimama nilipokuwa nikisoma, kwa sababu ni jambo ambalo sote tunalijua jikoni lakini hatulioni tunaposoma historia. Punje ya hindi ina sehemu tatu: ganda, kiini, na ile sehemu nyeupe ya wanga. Ukisaga zote unapata dona. Ukikoboa kwanza, ukaondoa ganda na kiini, ukasaga kilichobaki, unapata sembe. Mafuta ya hindi yapo kwenye kiini. Sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki, pamoja na nyuzinyuzi, viko kwenye kiini na ganda. Sembe ni hindi lililovuliwa karibu kila kitu isipokuwa shibe. Pumba zinakwenda kwa kuku na nguruwe, ambao kwa hesabu hiyo wanakula vizuri kuliko sisi.

Shirika halikuchagua sembe kwa ubaya. Mafuta yaliyo kwenye kiini ndiyo yanayofanya dona liharibike mapema na kutoa harufu. Ukiwa na maghala, malori mabovu na wateja mamia ya kilomita kutoka shambani, utapenda unga unaokaa. Tena watu wenyewe waliutaka. Sembe ilikuwa nyeupe, laini, ya kistaarabu. Dona lilikuwa chakula cha jela na cha shule ya bweni. Kwa hiyo fedha ya umma, kwa nia njema kabisa, ikaenda kuufanya uwe rahisi ule unga wenye virutubisho vichache zaidi.

*

Bibi yangu mzaa baba aliishi Magomeni, Dar es Salaam, na anakumbuka vizuri miaka ya ukame wa 1973 hadi 1975. Mvua zilikosekana, watu walikuwa wanahamishiwa vijijini, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, na Serikali ikalazimika kuagiza na kupokea nafaka nyingi kutoka nje. Sehemu ya nafaka hiyo ilikuwa mahindi ya njano kutoka Marekani. Watu wakaupa unga wake jina la Yanga, kwa sababu ya njano ya jezi za klabu.

Babu alikuwa mshabiki wa Simba. Bibi anasimulia kwamba siku ya kwanza alipoandaa ugali wa njano, babu aliutazama, akavuta kiti nyuma, akasema hawezi kula Yanga ndani ya nyumba yake. Alilala na njaa. Kesho yake akala, tena akaomba ukoko. Bibi hucheka mpaka machozi anapofika hapo. Ila akimaliza kucheka huongeza: "Ulikuwa unanuka, mjukuu wangu. Tulisema ni chakula cha ng'ombe cha Wazungu."

Hakukosea sana. Marekani mahindi ya njano hulishwa mifugo kwa wingi, na yalifika hapa yakiwa yamekaa safarini na maghalani muda mrefu. Wala sitaki kuwabeza waliopanga kuyaleta, maana nafaka ile iliokoa maisha. Lakini kuna kichekesho kichungu ndani yake. Rangi ile ya njano, iliyofanya tuucheke unga ule, inatokana na viini ambavyo baadhi yake mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Mahindi meupe karibu hayana kabisa. Leo watoto wetu wa chini ya miaka mitano wanapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, na watafiti wa kusini mwa Afrika wametumia miaka mingi kuzalisha mbegu za mahindi ya rangi ya chungwa zenye vitamini hiyo. Zambia ilianza kuzitoa kwa wakulima mwaka 2012. Kazi moja ngumu katika safari hiyo imekuwa kuwashawishi watu kwamba ugali usio mweupe si chakula cha aibu.

Serikali yenyewe haikuwa imelala. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu karibu milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Nchi chache maskini zilikuwa zimewahi kufanya kitu kikubwa namna hiyo. Mama zetu walifundishwa makundi ya vyakula. Waliimba. Walijua.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mpasuko ambao dada yangu anaishi ndani yake hadi leo. Kulikuwa na chakula cha aina mbili katika sera za nchi. Cha kwanza ni shibe, na shibe ilipewa fedha: bei ya kupangwa, ruzuku, maghala, malori, mikopo ya benki. Cha pili ni lishe, na lishe ilipewa mafundisho: redio, mabango, nyimbo, nesi mwenye sauti ya upole. Mahindi yaliingia kwenye bajeti. Yai liliingia kwenye hotuba.

*

Ruzuku ya sembe haikudumu. Vita vya Kagera, bei ya mafuta iliyopanda tena mwaka 1979, ukosefu wa fedha za kigeni na deni kubwa la Shirika kwa benki vilibana kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei rasmi ilikuwapo ukutani, unga haukuwapo dukani. Bibi anakumbuka foleni ambayo mtu aliacha jiwe likimshikia nafasi akaenda kuoga. Anakumbuka duka la kaya na kadi yake. Anakumbuka kwamba kwa mlanguzi unga ulikuwapo siku zote, kwa bei yake mlanguzi. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na wenye magunia wakayatupa usiku ili wasikamatwe nayo.

Na ni nani hasa aliyekula ruzuku ile? Unga wa Shirika uliuzwa zaidi mijini, na Dar es Salaam ndiyo iliyochukua sehemu kubwa. Watu wengi wa nchi hii waliishi vijijini, walilima wenyewe, wakasaga au kutwanga wenyewe. Wao walikuwa kwenye upande wa pili wa mizani.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa huko. Aliishi Iringa, katika mmoja wa mikoa minne iliyotegemewa kulisha nchi: Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma. Yeye na babu waliuza mahindi kwa NMC kijijini, wakasubiri malipo, wakati mwingine miezi. Nilipomuuliza siku hizo walikula nini, alijibu kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto: "Tulikula mahindi. Maharage tuliuza."

Katika bajeti ya Juni 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa. Bei rasmi ilipanda zaidi ya maradufu, mishahara ikaongezwa ili kupunguza makali. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, yakafuata makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwenye vitabu vingi nilivyosoma, hadithi ya Serikali na chakula cha mwananchi inaishia hapo: ruzuku ilikuwapo, ikaondolewa, soko likaja.

Lakini wakati huohuo, mkoani Iringa, kitu kingine kilikuwa kimeanza.

*

Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Serikali ya Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha pia Njombe. Iringa ilichaguliwa kwa sababu ileile iliyomtatiza dada yangu. Ulikuwa mkoa wenye chakula, na bado watoto wake walikuwa na utapiamlo na walikufa kwa wingi.

Waliofika pale hawakuanza na mahubiri, walianza na mizani. Kila baada ya miezi mitatu kulikuwa na siku ya afya ya kijiji. Watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa mbele ya watu, na matokeo hayakuishia kwenye faili la wilaya. Yalipelekwa kwa halmashauri ya kijiji. Wenyekiti wa vijiji, wanaume waliozoea kujadili mbolea na barabara, walilazimika kujadili kwa nini watoto kadhaa wa kitongoji fulani wako kwenye nyekundu. Walifuata hatua tatu: pima hali, tafuta sababu, chukua hatua, kisha pima tena.

Walipotafuta sababu, walikuta mambo ambayo hayamo kwenye orodha ya makundi ya vyakula. Walikuta kwamba mtoto mdogo ana tumbo dogo, na uji wa mahindi ukiwa mzito hawezi kuumeza, ukiwa mwepesi anashiba maji. Alihitaji kula mara nyingi kwa siku, lakini mama yake alikuwa shambani tangu alfajiri, au anasenya kuni, au yuko kisimani. Mtoto alilishwa asubuhi na jioni, na katikati aliachiwa dada yake wa miaka saba. Tatizo halikuwa mama asiyejua. Lilikuwa mama asiye na saa.

Kwa hiyo hatua zilizochukuliwa zilikuwa za kawaida kabisa. Vilianzishwa vituo vya kijiji vya kulea na kulisha watoto mchana. Wahudumu wa afya wa kijiji walifundishwa, na kijiji kiliwajibika kuwalipa. Mashine za kusaga, maji, chanjo na kazi za wanawake viliingia kwenye mazungumzo yaleyale ya lishe. Na kulikuwa na kimea. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi mkoani humo waligundua kwamba unga wa nafaka iliyooteshwa, ambao kila mpika pombe wa kienyeji anaufahamu, ukitiwa kijiko kimoja kwenye uji mzito huufanya uwe mwepesi bila kuongeza maji. Mtoto anakunywa uji laini wenye nguvu ya uji mzito. Ujuzi wa kilabuni ukahamia kwenye bakuli la mtoto.

Mwanzoni mwa mpango, zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na uzito pungufu. Kufikia 1988 walikuwa chini ya 40 katika kila 100. Wenye utapiamlo mkali walishuka kutoka takriban 6 katika 100 hadi chini ya 2. Haya yalitokea katika miaka mibaya zaidi ya uchumi wa nchi, katikati ya foleni na mageuzi. Mwaka 1990 UNICEF ilipochora mchoro wake maarufu wa sababu za utapiamlo, unaoweka chakula, matunzo na huduma za afya bega kwa bega, sehemu kubwa ya fikra zake ilitoka Iringa. Wanafunzi wa lishe duniani kote husoma mchoro ule. Wachache wanajua kwamba ulianzia kwenye mikutano ya vijiji vyetu.

Basi nilidhani nimepata jibu la dada. Kisha nikafungua takwimu za karibuni.

Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, udumavu nchini ulikuwa umeshuka hadi asilimia 30, kutoka 42 mwaka 2010. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini mkoa uliokuwa juu kuliko yote ulikuwa Iringa, asilimia 57, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa, zote zikiwa karibu na nusu ya watoto. Vipimo hivi viwili havilingani moja kwa moja, kwa kuwa mpango wa 1983 ulipima uzito na huu unapima urefu. Hata hivyo, sikuweza kuiacha karatasi ile. Mkoa uliofundisha dunia ndio unaoongoza kwa udumavu, na ndio huohuo unaojaza maghala.

*

Nini kilitokea? Fedha za nje zilikwisha, kama kawaida yake. Vijiji vilivyotakiwa kuwalipa wahudumu havikuwa na kitu. Huduma za afya zikaanza kuchangiwa na wagonjwa mwaka 1993. Siku za afya ya kijiji zikafifia. Nadhani kuna sababu nyingine pia, nayo ndiyo iliyonichukua muda kuiona: fedha ya Serikali yenyewe haikuwahi kuhama. Iliendelea kuufuata mgongo wa hindi.

Tazama. Vocha za pembejeo zilizoanza msimu wa 2008 zilikuwa za mbolea na mbegu bora za mahindi au mpunga. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua zaidi mahindi. Jirani zetu nao hawako tofauti. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliweka ruzuku ili pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi iuzwe shilingi 90, na Julai 2022 ikafanya hivyo tena kwa shilingi 100, mpaka serikali mpya ikaiondoa miezi miwili baadaye. Miaka yote miwili ilikuwa ya uchaguzi mkuu. Hakuna mwanasiasa wa nchi yoyote ya kwetu niliyemsikia akiahidi kushusha bei ya maharage.

Upande wa pili, mwishoni mwa 2017 wakuu wa mikoa yote walitia saini mkataba wa lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Sisemi fedha hiyo ni bure. Inasaidia usimamizi, vifaa, kampeni za matone. Lakini kijijini kwa dada, yai moja ni shilingi 400. Shilingi 1,000 ni mayai mawili na nusu. Kwa mwaka.

Nilikaa na dada mezani tukapiga hesabu ya maneno ya nesi. Yai moja kwa siku ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Baada ya mavuno, kilo ya mahindi pale ni shilingi 600, kwa hiyo mayai ya mtoto mmoja kwa mwezi ni sawa na kilo ishirini za mahindi. Ongeza nusu lita ya maziwa kila siku. Ongeza dagaa. Hatujafika kwenye matunda. Alipofika kwenye maziwa aliweka kalamu chini.

"Unajua kuku ninao," akasema. "Nane. Na maharage nalima. Lakini yai likiuzwa ni daftari. Maharage yakiuzwa ni mbolea. Mahindi hayana bei, ndiyo maana yanabaki hapa."

Ripoti ya FAO na washirika wake ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba duniani, kwa wastani, mlo kamili hugharimu mara tano ya mlo wa wanga unaoshibisha tu. Dada hakuhitaji ripoti. Alikuwa amekwisha kuiandika kwa maisha yake: anauza lishe ili aweze kulima shibe. Bibi yangu alifanya hivyo mbele ya gari la NMC, mjukuu wake anafanya mbele ya pikipiki ya mchuuzi.

Kuna mipango inayojaribu njia nyingine. TASAF, kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini, hutoa fedha taslimu, na sehemu ya malipo hutegemea watoto kwenda shule na kliniki. Ni kukiri kwamba elimu bila fedha haipiki. Lakini kaya yenye bati na magunia kumi na moja haimo kwenye orodha hiyo, na kwa haki haistahili kumtangulia aliye maskini zaidi. Nyumba ya dada si maskini kwa kipimo cha shibe. Ni maskini kwa kipimo ambacho hakuna daftari linalokiandika.

Sidai kwamba Serikali ingepaswa kuiacha shibe. Mtu aliyewahi kulala njaa hawezi kudai hivyo, na waliopambana na ukame wa 1974 walikuwa na haki ya kuwaza mahindi kwanza. Ninachodai ni kidogo. Tumekuwa na miaka zaidi ya hamsini ya kuweka fedha kwenye hindi na maneno kwenye yai, kisha tunamtazama mama kana kwamba hajasikia maneno. Amesikia. Nyanya yake alisikia redioni mwaka 1975. Kwa miaka michache, katika vijiji 168, tuliwahi kuuliza swali tofauti: mama huyu ana saa ngapi, nani anabaki na mtoto, kijiji kinafanya nini? Watoto wakanenepa. Tuliwahi kujua.

*

Nilimwambia dada haya yote kabla sijaondoka, kwa ufupi, huku akipepeta mchele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hiyo ni historia," akasema. "Kesho atakula nini?"

Tulimuuliza Bibi kuhusu kimea. Alishangaa kwamba hatujui. Aliloweka ulezi, akauotesha kwenye gunia bichi, akauanika, akausaga, akamwonyesha dada kiasi cha kijiko. Uji ulilegea mbele ya macho yetu. Dada aliamua pia kwamba mayai ya kuku wawili kati ya wanane hayatauzwa. Shemeji alinung'unika siku mbili kuhusu fedha ya daftari, halafu akakubali. Mashineni walianza kusaga bila kukoboa, na mtoto mkubwa akalalamika kwamba wanakula kama wafungwa.

Desemba alinipigia simu kutoka kliniki. Mtoto ameongezeka sentimita mbili na nusu. Bado yuko chini ya mstari. Nesi amesema aendelee hivyohivyo, na ajitahidi kuongeza maziwa.

"Nimemwambia sawa," dada akasema. Kisha akaniuliza kama mjini nimesikia lolote kuhusu bei ya mahindi, maana ghala bado limejaa na ada ya Januari imekaribia.